Je, Ajali Haina Kinga?



Mvua za kwanza zikianguka huku Kigoma, katika mwezi wa Oktoba au Novemba, mtu asimamaye sokoni Mwanga asubuhi na mapema ataona matrekta yakipita kwenda mashambani. Mengine ni makubwa yenye plau nyuma, mengine ni yale madogo ya kushikwa kwa mikono ambayo watu huyaita pawatila, yakivuta tela. Na juu ya tela, na juu ya madigadi, na pengine juu ya plau yenyewe, ataona watoto. Wanaimba, wanapunga mikono, wanawacheka wenzao waendao kwa miguu. Ni jambo la kupendeza macho, wala hatukatai kwamba limetupendeza sisi wenyewe mara nyingi. Lakini mwezi huu twataka kulitazama kwa namna nyingine, maana liko neno moja lililotukaa moyoni muda wa miaka mingi, nalo ndilo neno lisemwalo na watu wote msiba ukiisha kutokea: Ajali haina kinga.

Tulilisikia neno hilo siku moja katika bonde la Luiche, kusini ya Ujiji, nasi tulikuwa miongoni mwao walioliitikia. Trekta lilikuwa limekodiwa ili kulima mashamba ya watu kadha wa kadha kwa siku moja. Mwenye trekta hakuwapo. Dereva alilipwa kwa hesabu ya ekari. Watoto walikuja na uji wa wazazi wao. Dereva alikuwa kijana mpole asiyejua kumnyima mtoto kitu, akawapandisha wawili, mmoja upande huu na mmoja upande huu, juu ya madigadi. Sisi tulikuwa tumesimama kando ya shamba, tukacheka, na mmoja wetu akasema, “Tazameni, leo tumepata mabwana shamba wapya.” Trekta likapita juu ya kichuguu kilichofichwa na majani, likaruka kidogo, kiasi cha kumtikisa tu mtu mzima aliyeshika usukani. Mtoto wa upande wa kulia hakuwa na usukani wa kushika. Akaanguka mbele ya gurudumu la nyuma. Hakufa. Alipoteza mguu chini ya goti, naye alikuwa na umri wa miaka 7.

Jioni ile watu walikusanyika nyumbani kwao, na mzee mmoja, mtu wa heshima, akasema methali ile, nasi sote tukaitikia, “Kweli, haina kinga.” Na kwa neno hilo kila mtu alikwenda zake akiwa mwepesi kuliko alivyokuja. Dereva alipata wepesi, na mwenye trekta aliyetuma salamu tu alipata wepesi, nasi tuliocheka tulipata wepesi pia. Mama yake mtoto peke yake hakuitikia. Tangu siku ile tumejiuliza kama neno lililotupa sisi sote raha, likamwacha yeye na uchungu wake, lilikuwa neno la kweli.

Na tuanze na neno lenyewe. Ajali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kukadiriwa, ndiyo siku ya kufa kwake. Kamusi za zamani za Kiswahili zilielezea hivyo: ajali ni majaliwa, ni mauti. Basi wazee waliotunga methali hii hawakuwa wakisema juu ya magurudumu. Walisema juu ya mauti, kwamba hakuna ngao wala kuta wala dawa ya kumzuia mtu asife siku yake itakapofika. Hilo ni neno la hekima, nasi hatuligusi. Lakini katika siku zetu neno ajali limehama nyumba. Twalitumia kwa magari yaliyogongana, kwa mashine iliyokata kidole, kwa mtoto aliyeanguka penye trekta. Neno limehama, na methali imehama nalo, ikachukua mizigo yake yote. Kwa hiyo jambo lililotokea kwa sababu ya kichuguu, na madigadi, na dereva asiyeweza kusema hapana, limevikwa vazi la mauti yasiyozuilika.

Labda mtu atasema, “Mnacheza na maneno. Mtoto ameumia, nanyi mwatuletea kamusi.” Twajibu kwamba maneno ndiyo tunayojifunika nayo, na nguo ikiwa si ya kwetu yafaa tuirudishe kwa mwenyewe. Radi ikimpiga mtu njiani, hapo hakuna awezaye kumwambia mwenziwe, “Uliona.” Lakini penye trekta sisi tuliona. Tuliona watoto juu ya kitu kisicho na kiti chao. Tulijua kwamba gurudumu la nyuma ni refu kuliko mtoto. Jambo ambalo sababu zake zote ziko wazi mchana mweupe mbele ya watu wazima kumi, nalo likatokea, haliwezi kuitwa kwa jina moja na radi.

Watu wa kale walijua kutofautisha. Wasomaji wetu wanaikumbuka ile sheria ya Musa juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akimwua mtu, na mwenyewe hakupata kujua tabia yake, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikwisha kuonywa, wala hakumfunga, hapo hatia iko juu yake. Na iko ile nyingine, ya mtu ajengaye nyumba mpya, kwamba aweke ukingo juu ya dari yake asije mtu akaanguka. Tazameni: sheria hii haikungoja mtu aanguke kwanza. Haikumwuliza mwenye nyumba kama anawachukia wageni wake au anawapenda. Ilimwambia tu kwamba aliyekipandisha kitu juu, naye ndiye awekaye ukingo. Ng'ombe wetu wa siku hizi anakunywa dizeli, na sote tumekwisha kuonywa juu ya pembe zake.

Sasa twafika mahali penye ugumu, nasi hatutaki kuuruka. Maana iko methali nyingine, nayo yapingana na maneno yetu waziwazi: Mtoto akililia wembe, mpe. Wazee wetu hawakuwa wajinga, wala hawakuwa watu wakatili. Walijua kwamba mtoto anayezuiwa kila kitu hukua bila akili ya mikono. Sisi sote tulifundishwa kazi kwa njia hiyo. Mtoto wa Buha alifuatana na mama yake shambani angali akibebwa mgongoni. Alipopata miaka mitano alipewa kijembe chenye mpini mfupi. Alijikata kidole cha mguu mara moja, akalia, akafungwa kitambaa, na tangu siku hiyo alijua jembe ni nini. Hakuna shule iliyo bora kuliko hiyo. Mzazi amwachaye mtoto wake nyumbani alale hata saa nne, akisema anamlinda, anamharibu, na kijiji kizima kitakuja kumchukua kama mzigo. Twaliamini hilo, na kama mtu angetushauri kuwatoa watoto katika kazi zote za shamba, tungemkataa.

Lakini shule ya wembe ina sharti moja ambalo wazee hawakuwa na haja ya kulitaja, kwa kuwa lilikuwapo siku zote. Sharti ni hili: kosa liwe dogo kuliko mwanafunzi. Wembe humkata mtoto kidole, na mtoto abaki mwenye kukumbuka. Jembe humwumiza mguu, na mguu hupona. Mashine haina kosa dogo. Haikuachi ujifunze kidogo leo na kidogo kesho. Somo lake la kwanza laweza kuwa la mwisho. Kwa hiyo mtu asemaye, “Nasi tulikuzwa hivyo hivyo,” hasemi kweli, ijapokuwa hajui kwamba hasemi kweli. Hatukukuzwa hivyo. Tulikuzwa na jembe.

Na tueleze jambo hili kwa mfano wa kwetu, maana huku Kigoma mfano uko mlangoni. Ninyi nyote mwajua jinsi mawese yalivyokuwa yakitengenezwa, na mahali pengi yanatengenezwa hivyo hata leo. Chikichi zikiisha kupikwa, hutiwa katika pipa lenye mhimili katikati, na juu ya mhimili umefungwa mti mrefu, na watu huusukuma mti ule wakizunguka na kuzunguka. Watoto huja kusukuma pia. Nusu wanasukuma, nusu wananing'inia. Ni kazi nayo ni mchezo. Sasa, mtoto akiteleza akakwama mguu, kunatokea nini? Wale wanaosukuma wanahisi. Mti unakuwa mzito mikononi mwao, wanageuka, wanamwona, wanasimama. Mashine ile inaendeshwa na miili ya watu, na miili ya watu inajua habari ya mwili mwingine ulioumia. Lakini tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alipoamsha upya kilimo cha michikichi katika mkoa wetu, na miche mipya ikatolewa kwa wingi kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga, wakamuaji wengi wamezidi kutaka injini. Nao wana haki ya kutaka, maana kusukuma mti ule kutwa kunavunja mgongo. Basi pipa ni lile lile, na uwanja ni ule ule, na watoto ni wale wale, wakija kama walivyozoea. Ila pale palipokuwa na mti sasa pana mkanda wa mpira unaokimbia, na injini haihisi kitu. Ikipata kijiti itakivunja, ikipata nguo itaivuta, ikipata mkono hautakuwa mzito kwake. Mlinzi aliyekuwa ndani ya kazi yenyewe ameondoka, wala hakuaga, ndiyo sababu hatukutambua kwamba nafasi yake iko wazi.

Twadhani hapo ndipo penye kiini cha swali letu. Zamani ulinzi wa mtoto haukuwa kazi ya peke yake. Ulikuwa umo ndani ya kazi, kama chumvi ndani ya mchuzi. Tukaja tukabadili kazi, tukasahau kwamba tumemwaga na chumvi.

Tutasema machache juu ya mambo ya trekta lenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajalikaribia wakati wa kazi. Nyuma ya trekta iko shafti fupi itoayo nguvu ya injini na kuipeleka kwenye pampu, au mashine ya kupukuchua mahindi, au chombo kingine. Kwa kawaida shafti hiyo yazunguka mara 540 kwa dakika, ndiyo mara 9 kwa sekunde moja. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, ikishikwa na shafti hiyo kwa pembe moja itakwisha kuzungushwa yote kabla mtu hajamaliza kusema, “Zima!” Kiwandani shafti hufunikwa kwa ngao, lakini ngao hiyo ikivunjika, kwetu wengi huitupa, wakisema inazuia kupaka grisi. Tena dereva akilima hutazama nyuma mara kwa mara aione plau, na akitazama nyuma haoni mbele. Akitazama mbele, mtoto aliyechuchumaa karibu na gurudumu hayumo machoni pake. Na mngurumo wa injini hufunika kilio. Tena trekta likipanda mlima wenye mteremko mkali, kama ilivyo milima yetu ya kandokando ya ziwa, laweza kuinuka mbele na kupinduka kinyumenyume kwa muda usiofika sekunde 2. Nchi ya Sweden ilianza mwaka 1959 kuamuru kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya madereva vikapungua sana. Lakini fremu hiyo humkinga aliye kitini. Aliye juu ya madigadi haimkingi, pengine yamponda. Wala trekta lililosimama si salama kwa kuwa limesimama: plau iliyoachwa juu imeshikwa na nguvu ya mafuta tu, na mtoto achezaye na kishikio kile aweza kuishusha juu ya ndugu yake.

Twarudi kwenye swali la hatia. Mtu mzima akimwonya mtu mzima mwenziwe, akisema, “Usipite hapo,” na huyu akapita, mzigo umehama. Ndivyo tunavyoishi, na pasipo hivyo hakuna awezaye kufanya kazi yo yote. Lakini mara ngapi tumesikia baba akisema juu ya mtoto wa miaka minne, “Nilimwambia!” Kweli alimwambia. Na mtoto alisikia, pengine akajibu, “Ndiyo, baba.” Lakini onyo ni kama mzigo: humhamia mwenye mabega ya kuuchukua. Mtoto wa miaka minne hajui mwendo wa kitu kinachomjia. Hajui kwamba kitu kilichosimama sasa hivi kitakwenda. Anajua tu kwamba baba yake yuko juu ya kile kitu, na penye baba ndipo mahali pema. Yaani kile kile kinachomfanya awe mtoto mwema, kupenda kuwa karibu na wazazi wake wakifanya kazi, ndicho kinachomleta penye gurudumu. Basi mtu awezaje kumwambia, “Nilikuonya”? Kumwonya mtoto ni wajibu, lakini onyo hilo halimpunguzii mtu mzima mzigo hata chembe.

Serikali nyingi zimeliona jambo hili, ingawa hazikuliona zote kwa jicho moja. Uingereza ilianza kuweka sheria mwaka 1956 na kanuni mwaka 1958, na kanuni zao za mwaka 1998 zakataza mtoto aliye chini ya miaka 13 kuendesha trekta wakati wa kazi ya shamba, au hata kupandishwa juu yake. Wala hazikumtoa mtoto wa mwenye shamba. Marekani nako, sheria yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 16 kuendesha trekta lenye nguvu za farasi zaidi ya 20, isipokuwa wachache waliofundishwa na kupewa cheti. Ila yamwacha kabisa mtoto afanyaye kazi katika shamba la baba yake na mama yake. Mwaka 2011 wizara ya kazi ya nchi ile ilileta mapendekezo ya kuongeza makatazo, na wakulima wakapiga kelele nyingi, wakisema wanafundishwa na wakubwa wa mjini namna ya kulea watoto wao. Mwaka 2012 mapendekezo yakaondolewa.

Sisi tuliposoma habari hiyo tuliwahurumia wakulima wale, maana nasi hatupendi karani atuambie mtoto wetu aamke saa ngapi. Lakini tulipokaa tukifikiri tuliona kuna kosa ndani yake. Sheria ile yadhani kwamba mgeni anahitaji kulazimishwa, na mzazi hahitaji, kwa kuwa mzazi anapenda. Upendo hatuna shaka nao. Lakini je, upendo ni macho? Gurudumu halimjui mtoto wa nani. Tena twaona kwamba mzazi ndiye aliye rahisi zaidi kumpandisha mtoto, kwa sababu hiyo hiyo ya kumpenda, mtoto wa mwajiriwa angeambiwa, “Ondoka hapa!” bila haya, na wa kwetu wenyewe tunamwambia, “Haya, panda, shika sana.” Sisi tunaoandika tumempandisha wa kwetu hivyo, mara nyingi, tena kwa fahari. Hakuanguka. Tofauti kati yetu na baba yake yule wa Luiche si kwamba sisi tulikuwa na akili zaidi. Ni kichuguu tu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asiwekwe mahali pa kazi penye hatari. Ni sheria njema. Lakini mtoto aliyeleta uji hakuajiriwa na mtu. Hayumo katika daftari lo lote.

Tena imetupasa kusema juu ya akina mama, maana kila msiba wa namna hii ukitokea watu humgeukia mama na kuuliza, “Ulikuwa wapi?” Alikuwa shambani. Alimleta mtoto shambani kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu. Bibi amekufa, dada mkubwa yuko shuleni kama inavyotakiwa, baba amekwenda ziwani kuvua dagaa au amesafiri. Mtu amwulizaye mama swali hilo angejiuliza kwanza alimwachia nafasi gani nyingine. Twaona ni dhuluma kumpa lawama kubwa yule aliyekuwa na uwezo mdogo. Lawama na ipimwe kwa uwezo. Mwenye trekta, aliyeamua kumlipa dereva kwa ekari na si kwa siku, alijua au alipaswa kujua kwamba dereva wa ekari hasimami, maana kila akisimama kumshusha mtoto anajikata mshahara. Dereva alikuwa na uwezo wa kuzima injini. Sisi watu wazima kumi tulikuwa na midomo. Mama alikuwa na jembe, na mtoto mwingine mgongoni.

Wazee wa mkoa huu wengi walisikia habari za matrekta kwanza kutoka Urambo, kwenye njia ya gari moshi iendayo Tabora. Mwaka 1946 wajumbe wakiongozwa na Bwana John Wakefield walizunguka Tanganyika wakitafuta ardhi ya kulima karanga, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita; hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mwezi wa Januari 1951 mpango wote ulitangazwa kuwa umeshindwa, na paundi za Kiingereza zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Watu husimulia habari hiyo wakicheka, jinsi Wazungu walivyonunua mashine kabla ya kuujua udongo. Ni kweli, inachekesha. Lakini baada ya tangazo la Kilimo Kwanza la mwaka 2009 matrekta na pawatila zililetwa nchini kwa wingi, mengine na SUMA JKT kutoka India, nasi tuliyapokea kwa shangwe. Je, mahali pangapi palifanyika mkutano wa kijiji kuuliza watoto watakaa wapi siku ya kulima? Wale hawakuujua udongo, nasi hatukuzijua nyumba zetu wenyewe.

Mtu mmoja, tuliyemsomea maneno haya kabla hayajapelekwa kupigwa chapa, alituuliza, “Basi mnataka yule dereva afungwe?” Hapana. Yule dereva amejihukumu kuliko hakimu awezavyo. Aliacha kazi ile, na miaka miwili hakupita njia ya Ujiji. Kuwa na hatia na kuwa mtu mbaya ni mambo mawili. Mtu mwema kabisa aweza kuwa na hatia, na twadhani jambo hilo ndilo tunalolikimbia tunapoitikia methali ile: twaogopa kwamba tukikubali kuwa paliweza kuwa na kinga, itakuwa tumekubali kwamba sisi ni wauaji. Sivyo. Tutakuwa tumekubali kwamba tulikuwa na ufunguo. Na mtu aliyewahi kuwa na ufunguo mara moja aweza kuushika vema mara ya pili. Bali yeye aliyeambiwa kwamba hapakuwa na mlango, ataushikaje?

Yule mtoto sasa ni kijana mwenye kazi yake na nyumba yake. Tulikwenda kumwomba ruhusa ya kusimulia habari hii bila kutaja jina, akakubali. Alisema hakumbuki gurudumu. Anakumbuka kwamba watu walikuwa wakicheka, na kwamba yeye alifurahi kuwa wanacheka kwa ajili yake.

Akina mama wa mashamba yale wamefanya shauri lao wenyewe, nasi tulikwenda kulitazama. Siku ya kulima, watoto wote walioletwa, pamoja na wale waliokuja na uji, hukaa chini ya mwembe ulio kando ya barabara, mbali na shamba. Mama mmoja huachwa nao kwa zamu, na shamba lake hupaliliwa na wenziwe ili asipate hasara. Ufunguo wa trekta hukaa kwake. Dereva akifika huja mwembeni kwanza, mama huwahesabu watoto kwa sauti, ndipo humpa. Na kila akisimama kula au kutia mafuta huteremsha plau chini, huzima, na kuurudisha ufunguo. Mwenye trekta alinung'unika, akisema anapoteza ekari moja kwa siku. Wakamwambia watamlipa kwa siku, si kwa ekari, akakubali. Wiki ya kwanza watoto waliohesabiwa walikuwa 11. Wiki ya pili walikuwa 14, maana jirani waliokodi trekta jingine waliomba wa kwao wakae hapo pia.